Usinihesabu mwezi huu

Ujumbe uliingia saa nne kasoro robo usiku, Novemba 4, 2025. Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, simu juu ya friji.

"Mdogo wangu, kesho usinihesabu. Tutaongea."

Nikausoma mara mbili. Nikazima jiko, nikafungua daftari, nikahesabu majina upya, kana kwamba kuyatazama kungeyaongeza.

Mimi ndiye kijumbe, mshika daftari la mchezo wa kuchangiana. Mchezo wetu una watu 12, wote wa huku Maryland, Marekani, dola 300 kila tarehe 5, na kila mwezi mmoja anapokea zote kwa zamu. Tumeanza Juni, tunamaliza Mei. Aliyeniandikia nitamwita Da Mkubwa, kwa sababu ndivyo ninavyomwita hata akiwa hayupo. Mtu wa Pangani. Anasafisha ofisi usiku katika jengo moja la serikali kuu, mwaka wa tisa sasa. Hii ni mara ya tatu tunacheza pamoja na hajawahi kuchelewa. Oktoba 5, serikali kuu ya Marekani ikiwa siku ya tano imefungwa kwa kukosa bajeti, na yeye ameshaambiwa asije kazini mpaka atakapoitwa, alileta 300 zake ndani ya bahasha ya bili ya umeme, akakaa, akanywa chai, akaaga. Wala sikumuuliza amezitoa wapi.

Zamu yake ya kupokea ilikuwa Desemba.

Usiku ule niliamua jambo. Kihesabu lilikuwa sahihi. Leo ni wiki ya sita na bado linanikwaruza, kwa hiyo naliandika.

## Watatu, na akiba ya wawili

Da Mkubwa hakuwa peke yake. Jana yake walikuwa wamenipigia wawili wengine, kila mmoja kwa sauti ile ya mtu anayeomba radhi kabla hajataja kosa.

Wa kwanza ni Shemeji, mume wa rafiki yangu, mtu wa takwimu katika idara moja pale Washington. Tangu Oktoba 1 alikuwa nyumbani kwa likizo ya kulazimishwa. Alishapaka rangi choo, alishapanga stoo upya, akahamia kuwafundisha watoto bao. Wa pili ni kijana wetu wa uwanja wa ndege, mkaguzi wa abiria na mizigo. Huyo hakuruhusiwa kukaa nyumbani. Aliamka saa tisa usiku, akavaa sare, akasimama zamu nzima, na siku ya mshahara ilipofika hakuingiziwa kitu.

Mmoja halipwi na haendi kazini, mwingine halipwi na anakwenda. Da Mkubwa hayumo katika mafungu hayo, maana si mtumishi wa serikali. Ni wa kampuni ya usafi iliyoshinda zabuni.

Nyumbani Tanzania nako hali mnaijua. Intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, na usiku ule ilikuwa ndiyo kwanza inarudi. Nilikuwa nimeshinda nikipiga simu Tanga na Dar, nahesabu ndugu mmoja mmoja. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema tu kwamba kichwa kilikuwa kimejaa, na kichwa kilichojaa hushika kanuni iliyo karibu.

Kwetu, mchezo ukipungua, kijumbe ndiye anayejibu. Mama yangu alikuwa kijumbe pale Ngamiani, Tanga. Mwaka mmoja mchezaji alipokea mapema kisha akahama usiku na vyombo vyake. Mama akauza mkufu. Kila aliyebaki alipokea kamili, kwa tarehe yake, na mkufu ule hatukuuona tena shingoni mwake wala hatukuusikia mdomoni mwake.

Mimi nilikuwa nimeweka kando dola 600 kwa dharura za namna hiyo. Pengo lilikuwa 900.

Nikachagua.

Shemeji na yule kijana nikawafidia, kwa sababu hela zao zingerudi. Iko sheria iliyosainiwa Januari 16, 2019, inayosema mtumishi wa serikali kuu atalipwa malimbikizo yake yote serikali ikifunguliwa, awe alifanya kazi au alikaa nyumbani. (Oktoba ile Ikulu ya Marekani ilianza kunong'ona kwamba waliokaa nyumbani huenda hawana haki hiyo. Sikuamini kama wangethubutu.) Da Mkubwa hana sheria kama hiyo. Siku zake zilizopotea hazikuandikwa popote. Kwake nikafuata kanuni yetu, asiyetoa anarudi mwisho wa foleni, nikabadilisha zamu yake na ya kijana, ambaye alikuwa wa Mei.

Nikamjibu: "Sawa dada. Nimekuhamishia Mei. Pole sana."

"Asante mdogo wangu."

Basi.

## Mstari wa kijani

Nirudi nyuma kidogo, katikati ya Oktoba.

Mgahawa mmoja ulitangaza chakula cha mchana bure kwa mwenye kitambulisho cha serikali. Nikampitia Da Mkubwa kwa gari. Alitoka na blauzi iliyopigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni kama siku ya kazi.

Binti wa kaunta alikishika, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Vitambulisho vile vinafanana sana: picha, jina, nembo, kile kidude cha rangi ya dhahabu. Tofauti ni mstari tu. Cha mtu wa mkandarasi kina mstari wa kijani. Binti akaenda kuuliza nyuma, akarudi uso umemshuka, akasema samahani, wamepanga kwa waajiriwa wa serikali wenyewe.

Da Mkubwa akacheka. Akauliza supu bei gani. Kisha akakivua kitambulisho, akakizungushia kamba yake taratibu, akakitia kwenye pochi, akafunga zipu.

"Mlango ninaoingilia ni ule ule," aliniambia tukiwa ndani ya gari. Hakuongeza neno.

Ni ule ule kweli. Na kengele ya moto ikilia wanatokea ngazi zile zile. Yuko anayekaa mezani, na yuko anayemwaga kapu lililo chini ya meza. Wa mezani amelipwa siku zote 43 ambazo hakukaa hapo. Simwonei kijicho, Shemeji ni mmoja wao, na mkopo wake wa nyumba haukufungwa pamoja na serikali. Lakini kapu nalo lilikuwa na mtu wake.

Alikosa zamu 31. Nimezihesabu kwenye kalenda nikiondoa sikukuu. Mafao ya kukosa kazi huku Maryland yalikuwa hayavuki dola 430 kwa wiki hata uwe na mshahara wa aina gani. Ya kwake yalikuwa chini ya hapo, na yalianza kuingia Oktoba ikielekea ukingoni.

Tangu 2019 Seneta Tina Smith wa Minnesota na Mbunge Ayanna Pressley wa Massachusetts wamekuwa wakisukuma muswada wa kuwafidia watu kama yeye: wasafishaji, walinzi wa mlangoni, wapishi wa kantini, watu wa mishahara midogo walio chini ya wakandarasi. Umeletwa, umerudishwa, umeletwa tena.

Haujapita.

## Tembo wenye mshahara

Najua methali iliyokujia kichwani tangu aya ya kwanza. Ya tembo wawili na nyasi.

Siitaki. Nyasi haziingii kazini saa kumi na mbili jioni kusafisha choo cha tembo. Na methali yenyewe inawaachia tembo huru: ni wanyama, wanapigana kwa maumbile yao, wa kulaumu nani? Hawa wa Washington walijua siku na saa ya kuanza. Mwaka wa fedha wa Marekani unakwisha Septemba 30 kila mwaka, haujawahi kumshtukiza mtu. Tena wakati wote wa vita mshahara wao ulikuwa unaingia. Mbunge wa kawaida hupata dola 174,000 kwa mwaka, na serikali ikifungwa yeye hafungwi. Wapo waliotangaza kwamba wameomba ya kwao izuiliwe. Heri yao, wana cha kuzuia.

Kundi letu la simu liliwaka mwezi mzima. Nusu walisema ni Trump, nusu wakasema ni Wademokrati. Mwenzetu mmoja wa Kakamega akachomekea kuwa hata kwao Septemba 2020 magavana walitangaza kufunga kaunti, Seneti ikiwa imegombania fomula ya mgao hadi fedha zikakwama, na kwamba wakubwa ni wale wale, wanatofautiana tai. Akapewa vicheko vingi.

Mimi nilikuwa upande wa Wademokrati, na nitasema kwa nini, maana hapo ndipo mwiba ulipo.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mwajiri hanipi bima. Naununua mpango wangu kwenye soko la bima lililoletwa na sheria ya Obama, na bila ruzuku siuwezi. Nyongeza ya ruzuku hiyo ilikuwa inaisha Desemba 31, 2025. Warepublikani walikuwa na viti 53 katika Seneti, na bajeti ilihitaji kura 60. Wademokrati wakasema: kura zetu hamzipati mpaka muiongeze ile ruzuku.

Ugomvi, kwa maneno mengine, ulikuwa juu ya bima yangu.

Wiki za mwanzo nilikuwa nawaombea dua wakaze. Wasilegee, nilisema, safari hii wasilegee. Na kila siku waliyokaza ilikuwa ni zamu moja ya Da Mkubwa. Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kunichangia. Kwenye meza ile ya Washington mshahara wake uliwekwa rehani kwa ajili ya dawa zangu, na mimi nilikuwa jikoni kwangu nashangilia.

Mwisho wake mnaujua. Maseneta 8 wa upande ule, wa kujitegemea mmoja akiwa ndani yao, wakavuka, kura zikafika 60 kwa 40, na walichopewa ni ahadi kwamba suala la ruzuku litapigiwa kura Desemba. Kura imepigwa Desemba 11. Imeanguka. Kwa hiyo zamu 31 zimekwenda, na bima yangu inapanda Januari vilevile.

## Hakuna aliyesema "ni mimi"

Nimejiuliza lawama naigawaje.

Naigawa, lakini siigawi nusu kwa nusu. Mwenye Ikulu, mwenye Seneti na mwenye Baraza la Wawakilishi, yaani Warepublikani wa Trump, ndiye aliyeshika daftari, na aliyeshika daftari hawezi kukaa kibarazani akinyoosha kidole. Spika Mike Johnson aliwaacha wawakilishi majumbani kwao tangu Septemba 19 hadi Novemba 12. Karibu wiki nane chumba kitupu. Kijumbe akizima simu wiki nane siku za kukusanya, huko Ngamiani watu wangekuja na mikeka kulala mlangoni kwake.

Angalau mwaka 2018 mtu alijitaja. Desemba 11 mwaka ule, mbele ya kamera, Trump alimwambia Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrati katika Seneti, kwamba atajivunia kuifunga serikali kwa ajili ya usalama wa mpaka, na kwamba hatamlaumu yeye. Ikafungwa siku 35. Watumishi wapatao 800,000 wakakosa mshahara, na lawama akazirusha kwa Wademokrati kabla hata mwezi haujaisha. Januari 24, 2019, waziri wake wa biashara, Wilbur Ross, ambaye ni tajiri mkubwa, alisema haelewi vizuri kwa nini watumishi wanakwenda kupanga foleni za chakula cha msaada wakati wanaweza kukopa. Mtu wa daftari hawezi kusema vile. Mtu wa daftari anajua nani hakopesheki.

Mwaka 1995 Spika Newt Gingrich alikiri kwa waandishi kwamba kuwekwa nyuma ya ndege ya Rais Clinton na kuteremshwa kwa mlango wa nyuma kulichangia kumfanya akaze kamba. Kiti cha ndege! Nikimsimulia Da Mkubwa hataamini.

Safari hii hata kujitaja hakukuwepo. Tovuti ya wizara ya nyumba iliwekwa bango kubwa la kuwalaumu watu wa mrengo wa kushoto. Viwanja kadhaa vya ndege vilikataa kuonyesha video ya waziri wa usalama wa ndani akiwalaumu Wademokrati mbele ya abiria waliopanga foleni. Lililonikera kuliko yote ni la wizara ya elimu. Watumishi walioondoka kwa likizo ya lazima waliacha ujumbe wa kawaida kwenye barua pepe zao, sipo ofisini, nitajibu nikirudi. Ujumbe ukabadilishwa bila wao kujua, ukawa unawalaumu Wademokrati, kwa majina yao wenyewe, kana kwamba wameuandika wao. Novemba 7 jaji wa serikali kuu akasema hilo limevunja haki yao ya kusema.

Walimnyima mtumishi mshahara, kisha wakaazima mdomo wake.

## Lina mwaka wa kuzaliwa

Nilikuwa nadhani kufungwa kwa serikali ni kitu cha kale, kimezaliwa na Katiba yao. Sivyo. Nimekizidi umri kwa miaka michache.

Sheria inayokataza idara kutumia fedha ambazo Bunge halijatoa ni ya karne ya kumi na tisa. Lakini kwa karibu miaka mia, bajeti ikichelewa, idara zilibana matumizi na watu wakaendelea kwenda kazini, wakijua fedha zitakuja. Mwaka 1980 mwanasheria mkuu wa Rais Carter, Benjamin Civiletti, akaisoma sheria ile upya akaandika: fedha hakuna, basi kazi isimame. Mwaka uliofuata akaongeza kwamba shughuli za kulinda uhai na mali zinaweza kuendelea. Kutoka hapo ndipo wakapatikana watumishi wa aina mbili, wa kurudishwa nyumbani na wa kufanya kazi bure. Maoni ya mwanasheria mmoja, karatasi chache. Kilichoandikwa 1980 kinaweza kuandikwa vingine.

Kijana wetu wa uwanja wa ndege ni wa fungu la pili. Na kugoma hawezi, kwa mtumishi wa serikali kuu kugoma ni jinai. Mwaka 1981 waongoza ndege waligoma na Rais Reagan akawafukuza zaidi ya 11,000.

Ila wapo watu ambao kukohoa kwao kunasikika. Januari 25, 2019, waongoza ndege 10 hivi hawakufika kazini, wakasema wanaumwa. Safari za kuingia LaGuardia zikasimamishwa kwa muda. Siku ile ile serikali ikafunguliwa. Mwaka 2025, Novemba 7, safari zilianza kupunguzwa kwenye viwanja 40 vikubwa kwa uhaba wa waongoza ndege, na siku tatu baadaye Seneti ikapiga kura.

Waongoza ndege wakipungua, seneta hafiki kwao Ijumaa. Da Mkubwa asipofika, kapu linajaa tu, na serikali ikiwa imefungwa hakuna hata wa kulijaza.

Nilimsimulia kaka yangu, yuko Tanga. Alinisikiliza akauliza: "Kwa hiyo Bunge limekataa bajeti, wabunge wamerudishwa nyumbani?"

"Hapana. Wamerudishwa wafagiaji."

Akanyamaza kidogo. "Hebu rudia."

Swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyojua. Katiba yetu, Ibara ya 90, inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya serikali, na mwaka wa fedha ukianza bila sheria ya matumizi anaweza kuidhinisha fedha za shughuli za lazima kwa miezi minne. Yaani anayesema hapana ndiye anayerudi kwa wapigakura kuomba kazi upya, na nesi wa hospitali ya Bombo, Tanga, anaendelea kulipwa. Siisifu, hasa kwa 2025, mwaka wa uchaguzi wetu. Kisu kimeshikwa na mtu mmoja, na mbunge mwenye kisu shingoni hasemi hapana hata pale inapostahili. Lakini kwenye jambo hili moja, maumivu yamewekwa karibu na mkono uliofanya.

## Mkufu

Novemba 12 usiku Trump akasaini. Kura za Baraza la Wawakilishi zilikuwa 222 kwa 209.

Nikaitafuta ile sheria, nikasoma ina nini. Watumishi walipwe malimbikizo. Waliopunguzwa kazi tangu Oktoba 1 warudishwe. Bajeti ya kilimo na misaada ya chakula, bajeti ya maveterani na majengo ya jeshi, na bajeti ya Bunge lenyewe, hizo zililipiwa mpaka Septemba 2026. Idara nyingine zote zilipewa mpaka Januari 30, 2026. Nadhani umeona nani amejifunika blanketi kwanza. Kilipachikwa pia kifungu cha kumruhusu seneta kuishtaki serikali na kudai dola 500,000 kama kumbukumbu za simu yake zilichukuliwa bila kuarifiwa. Wawakilishi waliona aibu, wiki moja baadaye wakapiga kura 426 kwa 0 kukifuta.

Wa mstari wa kijani, hakuna.

Baada ya siku kadhaa Shemeji akaja na 300, na keki. Kijana naye akatuma zake akiwa kazini, na kaalama ka mikono iliyofumbatana. Nikazirudisha 600 kwenye bahasha yangu, nikaifunga, nikajisikia vizuri. Kijumbe hodari. Mchezo haukuyumba.

Nilikuwa naosha vyombo jioni ile ile niliposhtuka.

Mama aliuza mkufu. Alimfidia mtu ambaye hatarudi, kwa kitu ambacho hakitarudi. Mimi nilimfidia nani? Watu wawili wenye dhamana ya serikali ya Marekani. Sikupoteza hata senti. Niliwapa mkono wale ambao sheria ilikuwa imeshawashika, na yule ambaye hakushikwa na mtu nikamsogeza nyuma miezi mitano, kwa kanuni, kwa heshima, na neno pole mwishoni.

Nilimkagua kama yule binti wa kaunta. Nikageuza nyuma, nikageuza mbele, nikaona mstari.

Mume wangu anasema najionea. Anasema kijumbe si benki wala si sadaka, ana watu 12 wa kuwajibia, na ningemfidia Da Mkubwa halafu mmoja kati ya wale wawili akakwama, ningesema nini? Ni kweli. Hata leo sina jibu la kumshinda. Ninachojua ni kwamba kila niliyemsikia huko Washington alikuwa naye na hoja ambayo hukuweza kuishinda.

## Desemba 5

Nilikwenda kwake mwenyewe. Sikutaka atume.

Alikuwa amerudi kazini tangu Novemba 17, ila saa zimepunguzwa, ghorofa moja kapewa mwingine. Alinipikia ndizi. Kwenye dirisha la jiko kulikuwa na chupa mbili za vidonge vya presha. Akaona ninazitazama. Kwa mwezi mmoja, akasema, alimeza siku moja na kuruka siku moja, ili zifike. Alisema kama mtu anayekueleza alivyobana sukari.

Akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na 600, za Novemba na Desemba, noti nyingi za ishirini, nyingine za tano. Akazihesabu mezani. Akazihesabu tena.

Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nikamwambia: "Dada, nisamehe. Sikukutendea haki. Nimeongea na wenzetu, wa Januari amekubali kukupisha. Tarehe 5 unapokea wewe. 3,600 zote."

Hakujibu mara moja. Alinisogezea sahani.

"Januari thelathini," akasema.

"Eti?"

"Si umesema wenyewe wamepeana mpaka Januari thelathini. Nikipokea tarehe tano nitazilipia kodi nilizorudi nyuma, zitakwisha siku ile ile. Halafu wakifunga tena, Februari nakupa nini? Machi nakupa nini? Nitakuwa nimekula za watu." Akatikisa kichwa. "Niache Mei. Mwenye Mei hadaiwi na mtu."

Nikamwambia nitamfidia, nikaapa.

"Najua," akasema, kwa upole ambao ulinimaliza. "Andika kwanza hizi."

Nikafungua daftari. Akasimama nyuma ya bega langu mpaka nilipoandika zote mbili, ya Novemba na ya Desemba, kila moja kwenye mstari wake.